Fimbo Iliyotoka Kinamasini

Maji yalikuwa machache, hayakuzidi kisahani. Hedwiga aliyaona asubuhi ya Jumapili moja ya Julai 2003, sebuleni Malvern, chini ya fimbo ya marehemu mume wake iliyotundikwa ukutani. Alitazama dari. Ilikuwa kavu. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili, na Julai ya Johannesburg hukausha jinzi nzito kabla ya chakula cha mchana. Alipitisha kidole kwenye ncha ya fimbo. Kidole kilirudi kimelowa, kikanuka majani yaliyooza ndani ya maji baridi.

Alipangusa sakafu, akaenda misa. Aliporudi, maji yalikuwepo tena.

Binti yake Lerato alicheka. "Eish, Mama. Labda Baba anataka chai." Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili alikielewa chote, ila hakukisema isipokuwa anapotaka kumtania mama yake.

Hedwiga alikuwa muuguzi kutoka Kibosho. Alikutana na Samwel Molefe kule Morogoro, wakati Samwel alipokuwa mpigania uhuru aliyekimbia kwao akiwa kijana wa shule. Wakaoana, wakapelekwa Uswidi ambako Samwel alisomea kilimo, wakarudi Morogoro, na mwaka 1994 wakaingia Johannesburg na Lerato wa miaka kumi na mitatu. Samwel alifariki Juni 2002. Mwaka ulipotimia, ndugu walikuja kutoka Rustenburg kuvua msiba. Barnabas, mdogo wake marehemu, aliitungua fimbo ukutani, akampa Lerato mbele ya watu.

"Hakuna mtoto wa kiume," alisema. "Wewe ndiye mwenye nyumba sasa. Kila kilichomo ndani ya ukuta huu ni chako."

Watu walipiga makofi. Hedwiga naye alikuwa ndani ya ukuta ule. Hakuna aliyemtazama. Ndugu walikwisha kukubaliana kwamba hati iandikwe jina la mtoto, kwa kuwa mama ni mtu wa kuja. Alimeza hasira yake, akapakua chakula.

Fimbo ilirudishwa ukutani jioni ile. Ilikuwa nyeusi, nzito, na kichwa cha mviringo kinachojaa kiganja. Wageni walidhani ni mpingo. Haikuwa mpingo, na wiki chache baada ya msiba kuvuliwa ilianza kutoa maji.

Lerato alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alifanya kazi ya kupokea simu katika ofisi ya bima Marshalltown, na akirudi alipitia uani kwa wapangaji, Gustave na mkewe Léocadie, watu wa Bukavu, akawapelekea chipsi zilizobaki. Gustave alikuwa fundi cherehani. Léocadie alikuwa na mimba ya miezi saba, na Lerato alikuwa ameshamchagulia mtoto majina mpaka Léocadie akamwambia azae wa kwake.

Baada ya Jumapili ile chipsi zilikoma. Lerato aliitungua fimbo akaanza kutembea nayo ndani ya nyumba. Hedwiga alipomuuliza kama mguu unamuuma, alisema hapana. Akitaka kitu, alipiga sakafu mara moja, akangoja. Wiki ile hakwenda kazini. Alisimama dirishani akitazama uani, mkono mmoja juu ya fimbo, na sakafu ya chini yake ilikuwa na unyevu kila alipoondoka.

Watu hudhani majini ni viumbe wa usiku. Huyu aliyemwingia Lerato alikuwa na kazi za kusimamia, na kazi hufanywa mchana.

Alhamisi, saa ya watoto kurudi kutoka shule, Hedwiga alimkuta Gustave uani anachimba mtaro kwa sepeto, kutoka ukuta hadi ukuta. Cherehani yake ilikuwa kimya, suruali ya mteja ikining'inia kwenye sindano. Viganja vilikuwa vimechubuka.

"Gustave, nani kakwambia uchimbe?"

"Mademoiselle Lerato." Hakuacha kuchimba. "Alipiga fimbo chini, alisema Jumatatu na Alhamisi ni zake. Mi nilitaka kucheka, Mama Lerato. Mikono yangu ilikamata sepeto yenyewe."

"Basi weka chini."

"Siwezi," alisema Gustave kwa sauti ndogo. "Nilijaribu. Usiseme kwa nguvu, anasikia."

Lerato alikuwa mlangoni. Alisema jambo moja, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mtumishi aliyesahau, na Hedwiga akamgeukia. Msichana alikuwa amesema Kiswidi. Aliondoka Uswidi kabla hajaanza shule, na akiwa na miaka kumi hakukumbuka hata kusalimia. Wala hakikuwa Kiswidi cha redioni. Kilikuwa cha zamani, cha mtu wa mashamba makubwa, na kilisema: "Mwanamke mpangaji asimame nyuma ya mtaro."

Ndipo Hedwiga alipokumbuka fimbo ilikotoka, na kwa nini jirani yao wa kule aliacha kuingia nyumbani kwao.

Kule Uswidi walipewa kijumba ndani ya shamba kubwa la zamani. Jirani yao mzee, mwanamke aliyezaliwa katika ukoo wa wapangaji wa shamba lile, ndiye aliyewasimulia habari za Bibi Ebba wa Svartmossa.

Ebba alizaliwa katika nyumba ya wakubwa. Akaozwa kwa ofisa wa jeshi la farasi, naye akafa vitani nchi za mbali, mjane akabaki na kila kitu: misitu, vinu viwili, ziwa, na vijumba vya wapangaji vilivyotawanyika mpaka macho yanapoishia. Wakati ule wajane wengi wa cheo chake waliolewa tena, shamba likapata bwana. Ebba alikataa. Alitembea mwenyewe mashambani, funguo kiunoni, akajua kila ng'ombe na kila mtoto. Wenye vyeo walimsifu. Alilipatia kanisa kengele, na jina lake limo kwenye kengele hiyo hadi leo.

Wapangaji walikumbuka mengine. Kila nyumba ilimfanyia shokoa, kazi ya lazima isiyo na malipo, siku mbili za wiki. Ebba akaongeza ya tatu, wakati wa mavuno akazitaka zote. Mwaka wa ukame alifunga kisima kwa mnyororo, maji yakawa ya farasi wake kwanza. Mke wa askari alifukuzwa kijumbani wiki ile ile habari za kifo cha mumewe zilipofika, kwa kuwa kijumba kilikuwa cha mtu mwenye mikono miwili ya kulima. Na ng'ombe wa plau alipokufa, Ebba aliagiza nira ivalishwe mpangaji na mkewe. Mke alikuwa mjamzito. Walilima mpaka jioni, na jirani yule alijua jina la mwanamke huyo, jina la mumewe, na mahali mtoto alipozikwa.

Ebba alifariki kitandani, mzee, ameshiba. Akazikwa chini ya sakafu ya kanisa, mahali pa heshima. Siku ya kazi iliyofuata, wapangaji wakiwa shambani, walisikia funguo. Kisha wakaona nyasi zinalala mbele ya mtu wasiyemwona, na migongo yao ikainama yenyewe. Ikawa hivyo msimu mzima. Walifukua kaburi, wakampakia juu ya sileji, gari la kuburutwa lisilo na magurudumu, wakampeleka kinamasini mchana kweupe. Maksai wawili walitokwa na povu kumvuta mwanamke aliyekuwa na uzito wa mtoto. Mchungaji alisoma mpaka sauti ikakauka, na kigingi cha kumkita topeni, walichochonga kwa mti wa kandokando ya maji, hakikuzama. Kilizama pale wapangaji wote walipotia mikono, wanaume, wanawake, hata watoto, wakasukuma.

Miaka mingi baadaye kinamasi kilikaushwa ili kipandwe miti ya mbao. Samwel alikuwa miongoni mwa vibarua wa majira ya joto. Mtalimbo wake uligonga kitu kigumu, akaking'oa: kipande cha mti kilichogeuka cheusi kwa kulala ndani ya tope. Wazee wa pale walimwambia akirudishe. Samwel alicheka. Babu yake alikuwa na fimbo nyeusi yenye kichwa, aliyoiegemea akichunga ng'ombe katika ardhi waliyokuja kunyang'anywa, na Samwel hakuwa ameona mti wa namna ile tangu atoke kwao. Baridi nzima, jua lilipokuwa halichomozi, alikaa jikoni akichonga, na jirani yule mzee akaacha kuingia. Mkimbizi mwingine angechonga nini?

Akiwa hai fimbo haikufanya lolote. Samwel hakuwa mwenye ardhi. Nyumba ya Malvern aliiandikisha kwa jina lake, lakini aliita "ya kwetu" mpaka anakufa, na bomba la uani aliliweka mwenyewe na kusema maji hayana mlango. Bibi Ebba alingoja. Aliposikia neno "mwenye nyumba" limetamkwa mbele ya watu, likamwangukia mwanamke kijana asiye na mume, alipata mahali pake.

Padri alikuja, akanyunyiza maji ya baraka, akashauri daktari. Léocadie ndiye aliyemtaja Bi Mayasa.

Bi Mayasa alikuwa mtu wa Pemba. Alikaa chumba cha ghorofa Marshalltown, juu ya wauza mikanda na miwani, na wagonjwa wake walitoka mpaka Diepsloot. Alikuja na kikapu cha ubani na marashi, akaketi mkekani mbele ya Lerato, akamtazama kama fundi saa anavyotazama saa.

"Tusianze kwa kufukuza, mwanangu," alimwambia Hedwiga. "Pepo ni mgeni. Mgeni hapigwi, huulizwa jina. Mie n'shakaa na wa Kihabeshi, n'shakaa na Kibuki wanaokunywa brandi mpaka chupa inalia. Akipewa chake, anatulia."

"Huyu hatulii, Bi Mayasa. Nimesikia habari zake."

"Habari za wapangaji wake?"

"Ndiyo."

"Nani kamwuliza yeye?" Bi Mayasa aliweka udi kwenye chetezo. "Haya, nifasirie."

Ilikuwa adhuhuri. Fimbo ilisimama wima mkononi mwa Lerato, na kivuli chake sakafuni, kwa jua la dirishani, hakikuzidi hatua moja.

"Anaitwa Ebba," alifasiri Hedwiga.

"Kabila lake?"

"Anasema hana kabila. Ana shamba."

Bi Mayasa alisogeza chetezo karibu. "Anataka nini?"

"Mahali."

"Pakubwa?"

"Anasema padogo. Kivuli cha fimbo hii, basi."

Bi Mayasa aliangalia sakafu, akatabasamu. "Kivuli tu? Wenziwe wanadai ng'ombe. Mwambie tumekubali."

Hedwiga aliangalia kivuli kile kifupi. Kulikuwa na kitu katika jibu lile alichokijua, kama mtu anayeona jirani akipima kiwanja kwa kamba yake mwenyewe. Lakini binti yake alikuwa amekonda, midomo imepasuka, na mbele yake alikaa mwanamke aliyeponya watu. Akalitamka neno la kukubali kwa Kiswidi. Lerato akafumba macho, akalala. Siku ile alikula.

Jioni aliamka, akatoka nje na fimbo. Jua la Julai lilikuwa limeinama juu ya mapaa ya Malvern. Aliichomeka katika ufa wa saruji kwenye ngazi ya mlango. Kivuli kilitambaa kutoka ngazini, kikavuka mtaro wa Gustave, kikapanda bomba, kikapita juu ya mlango wa vyumba vya uani, kikaufikia ukuta wa mwisho. Lerato alikifuata kwa miguu mpaka kilipoishia. Kisha akageuka, akatazama alichopewa.

Asubuhi Léocadie aligonga dirisha la jikoni, ndoo mkononi.

"Mama Lerato, kuya uone. Bomba iko na kufuli."

Mnyororo ulizungushwa mara nyingi, na kufuli lake lilikuwa la chuma cha zamani, jembamba, la aina isiyouzwa dukani kokote barabara ya Jules. Lilikuwa limelowa. Hedwiga alijaribu nyundo, akajaribu msumeno. Aliwapa wapangaji maji ya jikoni. Yalipofika uani ndani ya ndoo yalikuwa meusi, yananuka majani.

"Hameni," aliwaambia. "Leo. Nitawalipia gari."

"Tulijaribu jana," alisema Léocadie. Alikuwa ameshika tumbo. "Tukifika kwa geti, miguu inarudi. Mi sina hasira na Lerato, Mama. Ninamusikia usiku, analia ndani ya huyu mwingine. Lakini kama mtoto wangu anapata kitu, sitamusamehe mtu, hata wewe."

"Hata mimi nisingejisamehe," alisema Hedwiga.

Alimtumia Bi Mayasa ujumbe, akaenda kazini kwa kuwa kliniki haikuwa na muuguzi mwingine wa zamu ya asubuhi, na alipomaliza tu alirudi mbio, akashuka penye robot, taa za magari za Jules, akapandisha mtaa, na kabla hajafika getini harufu ya kinamasi ilikuwa imemkuta, nene, baridi, katikati ya mchana wenye jua na redio za majirani, na nyuma ya harufu akasikia chuma kikikwaruza udongo, kikisimama, kikikwaruza, na katikati ya mikwaruzo pumzi za watu wawili, moja nzito na moja fupi fupi, na sauti ya binti yake ikihesabu mistari kwa Kiswidi.

Walikuwa wamefungwa kamba mabegani. Nyuma yao walivuta fremu ya kitanda cha chuma iliyopakiwa matofali, miguu yake ikiuchana uwanja kama plau. Gustave alikuwa kushoto. Léocadie alikuwa kulia, kitenge kimelowa, mikono miwili chini ya tumbo. Lerato alitembea nyuma, akigonga ardhi kila hatua.

"Utukate kamba," alisema Gustave bila kugeuza kichwa. "Tafadhali."

Hedwiga alichukua kisu jikoni, akaikata. Kamba ilianguka. Wao waliendelea kwenda, wameinama, wakivuta kitu kisichokuwepo.

Hofu ilimwisha pale pale. Kilichobaki ni hasira, na hasira hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Alimwendea binti yake, akaishika fimbo kwa mikono yote miwili. Baridi yake iliunguza. Wapangaji wakaanguka magotini. Hedwiga alivuta. Vidole vya Lerato havikufunguka. Mdomo wake uliendelea kutoa amri bila haraka, huku machozi yakimtiririka mpaka shingoni. Kisha, katikati ya amri mbili, mdomo ule ule ulisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtoto:

"Mama, nitoe."

Bi Mayasa aliingia getini akihema. Aliangalia fremu, matofali, magoti ya Léocadie.

"Kosa langu," alisema. "Nilimkaribisha kama mgeni. Huyu hajawahi kuwa mgeni popote. Sina dawa yake, mwanangu. Wale wa kwao walimwezaje?"

"Walitia mikono wote."

"Wote nani?"

"Wapangaji."

Gustave alikuwa wa kwanza kusimama. Aliweka kiganja chake kilichochubuka juu ya fimbo, chini ya mkono wa Lerato, akashtuka kwa baridi, hakukiondoa. Léocadie alijikokota, akaweka wake. Hedwiga alikuwa tayari ameshika. Ndugu walimwita mtu wa kuja, kwa hiyo naye alikuwa mpangaji.

"Bi Mayasa, wewe baki," alisema.

"Nibaki nina nini? Marshalltown nzima ni wapangaji." Akashika.

Geti liliwaachia. Walishuka mtaani watu watano na fimbo moja, wakavuka Jules taa ikiwa nyekundu, wakaelekea kusini, Cleveland, kwenye kinamasi cha matete yaliyoota chini ya kilima cha taka za mgodi. Dereva wa teksi alipiga honi. Fundi wa matairi aliinua kichwa.

"Mama, mnagombania fimbo? Nina nyingine huku, ya bure."

"Ya kwako haina mwenyewe," alijibu Bi Mayasa. "Endelea na kazi."

Lerato alikuwa mwembamba. Hata hivyo kila hatua alizidi kuwa mzito, na walipofika njia ya reli walimvuta kama gunia la mawe, Gustave akitapika pembeni bila kuachia mkono. Hedwiga alimtazama Léocadie kila mara. Léocadie alitikisa kichwa. "Twende," alisema. "Nilishalima. Hii ni kidogo."

Ndani ya matete ardhi ilikuwa laini, maji ya rangi ya kutu yakitoka chini ya viatu. Waliielekeza ncha chini, wakasukuma. Fimbo iliingia kiasi cha shibiri moja, ikagoma. Na yule mwenye shamba akamgeukia Hedwiga, akasema naye kwa Kiswidi, kwa upole, kama wanawake wawili wanaozungumza baada ya misa.

"Nyumba si yako. Barnabas atakuja, na nguo zako atazitoa nje, wewe unajua. Nilikuwa mjane kama wewe. Nami walitaka kuninyang'anya. Niache nikae, na hakuna mwanamume atakayekugusa pale. Watakuogopa. Kwa nini unawatetea hawa? Watahama kesho. Ardhi haihami."

Yalikuwa maneno ya kweli, na ndiyo sababu yalimuuma. Hedwiga aliona sanduku lake barabarani. Aliona pia migongo miwili iliyoinama uani.

"Mume wangu aliacha kwao akiwa mtoto kwa sababu ya watu kama wewe," alimjibu. "Alilala porini kwa sababu yenu. Akazeeka kabla ya wakati akitafuta ardhi. Na wewe ukaupanda mkono wake, ukaja naye mpaka ndani." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Uliteswa ukiwa mjane, ukajifunza kutesa wajane. Sikuhurumii. Sukumeni."

Walisukuma. Kitu kilipasuka chini, kama mzizi, na fimbo ikazama kwa pigo moja, na mkono wa Lerato ukazama nayo mpaka kwenye kiwiko. Tope lilimvuta. Hedwiga alimkumbatia kiuno, wengine wakamshika Hedwiga. Matete yote yalilala upande mmoja, ingawa upepo haukuwepo, na harufu ile ikawajaa puani mpaka wakadhani watakufa kwa kuivuta. Kisha tope lilifunguka. Mkono ulitoka mtupu.

"Eish," alisema Lerato, akaketi majini. "Mama. Kiatu changu."

Walirudi polepole, wakimshika kwa zamu. Kufuli lilikuwa limeanguka chini ya bomba, limebaki kutu tupu. Gustave alifungua maji. Yalikuwa meupe. Léocadie alikunywa wa kwanza, kwa kikombe cha Samwel.

Mtoto alizaliwa Septemba, mzima, wa kike. Lerato alipoweza kushika kalamu alikwenda kwa mwanasheria, akaandikisha nyumba upya pamoja na mama yake. Barnabas alipiga simu kugomba. Lerato alimsikiliza mpaka mwisho kwa ile sauti yake ya kazini, akamshukuru kwa kupiga, akakata. Doa jeusi katika kiganja chake halikutoka kwa sabuni yoyote.

Johannesburg ilikuwa inajenga. Julai 2006 Hedwiga alipita Cleveland, akaona matete hayapo. Mahali pake palikuwa na ukuta mpya, uzio wa umeme, na bango la nyumba za kisasa. Kinamasi kilikuwa kimekaushwa. Alisimama. Geti lilikuwa wazi kwa lori la mchanga, akaingia nyuma yake.

Ofisi ya mauzo ilikuwa chumba cha mbao. Mlangoni, juu ya misumari miwili, walikuwa wametundika pambo: kipande cha mti mweusi chenye kichwa cha mviringo, kimesuguliwa kwa mafuta. Chini yake, juu ya vigae vipya, palikuwa na maji yasiyozidi kisahani.

Upande wa pili, kwenye jua, wajenzi walikaa juu ya matofali, wengi, midomo imekauka. Kulikuwa na bomba. Lilikuwa limezungushiwa mnyororo.

"Nani kafunga?" Hedwiga aliuliza kwa Kizulu chake kibovu.

Kijana mmoja aliinua mabega. "Madam mpya. Tangu jana. Anasema saruji kwanza." Akashusha sauti. "Na leo si zamu yetu, mama. Hatujui kwa nini tumekuja."

Kutoka ndani ya ofisi sakafu iligongwa mara moja. Wanaume wote wakaanza kusimama, wameinama kidogo, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa aibu.

Hedwiga aliweka mkoba wake chini. Alipiga simu nyumbani, akasema maneno mawili kwa Lerato: waje wote. Kisha akaenda mlangoni, akaitungua fimbo. Baridi ikamuunguza palepale ilipomuunguza zamani. Akawageukia wajenzi, akainyoosha mbele yao.

"Njooni," alisema. "Kila mmoja atie mkono."